Dakika Tatu za Odile Guidroz

Tangu Odile Guidroz aanze masomo ya kujiandaa na sheria, watu wa mji wake mdogo wa Anse Bérard waliacha kumwita jina lake. Akiingia kununua mkate, "Karibu, wakili." Akisimama kujaza mafuta kwenye gari, "Wakili, hebu njoo mara moja." Alikuwa na miaka ishirini, mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza ya historia. Kati yake na uwakili palikuwa bado na karibu miaka miwili ya chuo, mtihani wa kuingilia shule ya sheria, miaka mitatu ya shule yenyewe, halafu mtihani wa leseni ambao watu wazima hutoka humo wakilia. Hayo yote alishayaeleza, na hakuna aliyemsikiliza.

Likizo ya kiangazi ilikuwa mbaya zaidi. Mzee mmoja alimletea mgogoro wa uzio, mipaka yote ameichora nyuma ya bahasha. Mama mmoja aliyeunguzwa nywele saluni alimvulia kofia mbele ya kanisa, ili aone ushahidi kwa macho yake.

"Mama, mimi si wakili," Odile alimwambia. "Ni mwanafunzi. Kumshauri mtu mambo ya sheria bila leseni ni kosa. Nitashtakiwa mimi."

Mama yule alirudisha kofia kichwani taratibu, akamgeukia mumewe. "Umesikia anavyoongea? Wakili mtupu."

Wasilolijua ni kwamba Odile mwenyewe alikuwa na wasiwasi kama kazi hiyo anaiweza. Kusoma alisoma. Kesi ya kurasa arobaini angeweza kukueleza kwa sentensi nne. Lakini akisimamishwa mbele za watu, maneno yalimtoroka. Chuoni alijiunga na kikundi cha mashtaka ya kuigiza, wanafunzi wanavaa suti, mmoja hakimu, wengine mawakili, wengine mashahidi. Siku ya shindano lake la kwanza alisimama akasema "Pingamizi" kwa sauti nzuri kabisa, kumbe shahidi alikuwa ameshashuka kizimbani na kurudi kukaa. Hakimu alimtazama kwa huruma akamwuliza anapinga nini. Odile alisema hapingi kitu. Fomu ya mtihani wa kuingilia shule ya sheria ilikuwa kwenye simu yake tangu Agosti, imejazwa nusu.

Muhula huo alikuwa akisoma somo la Hoja na Uandishi kwa Profesa Verdell Batiste, mwanamke mrefu aliyekuwa wakili miaka ishirini na miwili kabla ya kuja kufundisha. Alitembea na miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona akiitumia ile ya kichwani. Darasa lake lilijaa kila aina ya watu wanaotaka uwakili: wa hesabu, wa kilimo, hata kijana mmoja wa tarumbeta.

"Shule za sheria haziulizi ulisomea nini," aliwaambia siku ya kwanza. "Zinauliza kama unajua kusoma na kuandika. Nanyi hamjui. Tutaanza na hilo."

Insha ya kwanza ya Odile ilirudi na alama ya C, na chini yake, kwa wino wa kijani: Umemshinda mtu ambaye hayumo chumbani. Hongera.

*

Wiki ya pili ya Oktoba, siku ya Jumatano, baba yake alimpigia simu akiwa shambani. Odile alisikia maji yakibubujika. Ulysse Guidroz alilima mpunga, na mavuno yakiisha aliyajaza majaruba maji akafuga kamba humo humo mpaka masika. Hakuwa mtu wa kupiga simu mchana.

"Wanataka kutunyamazisha," alisema.

"Nani, Baba?"

"Baraza la mji. Wameandika sheria ndogo. Jumanne wanaipigia kura."

Odile hakuhitaji kuuliza ni nini kinachonyamazishwa. Kila Jumamosi, saa mbili asubuhi, kwa miaka arobaini na moja, watu walikusanyika kwenye kibaraza cha duka la Mjomba Clovis, duka la vyakula vya mifugo, wakapiga muziki. Baba yake alipiga akodioni. Mjomba Clovis alipiga fidla. Bibi Azélie, mama yake baba, mwenye miaka themanini na minne, aligonga chuma cha pembetatu. Wengine walikuja na walichonacho, na wasio na kitu walicheza dansi na mabuti yao ya shambani. Nyimbo zilikuwa za Kifaransa kile cha zamani ambacho Odile alikielewa nusu na kukizungumza robo.

"Nani amelalamika?"

"Yule aliyenunua nyumba ya kijani, ng'ambo ya barabara. Mtu wa kuja. Tangu Mei yupo pale, hata kutusalimia hajatusalimia."

"Pole, Baba."

"Pole haitusaidii. Utakuja Jumanne utuzungumzie."

"Baba, mimi si..."

"Si wakili, najua. Umeniambia mara mia. Una mdomo?"

"Ninao."

"Tangazo linasema kila mkazi mwenye mdomo anapewa dakika tatu. Basi njoo nao."

Odile aliandika siku mbili. Aliandika juu ya mababu waliofukuzwa kutoka kaskazini wakaja kuanza upya mabwawani, juu ya bibi zao waliochapwa shuleni kwa kusema Kifaransa, juu ya katiba na uhuru wa kujieleza. Zilitoka kurasa tisa. Alipozisoma peke yake chumbani alitokwa na machozi, akajua ni nzuri. Ijumaa asubuhi akampelekea Profesa Batiste.

Profesa alizisoma zote. Akazigonga mezani zikakaa sawa, akamrudishia.

"Huyu aliyelalamika ni nani?"

"Ni jirani mpya."

"Anaitwa nani?"

Odile alifunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akilitafuta jina.

"Analalamikia nini hasa? Sauti? Saa? Nyimbo zenyewe? Watu kuegesha magari mlangoni kwake?"

"Sijui, Profesa."

"Kurasa tisa," alisema Profesa Batiste, "dhidi ya mtu usiyemjua jina." Hakusema kwa ukali. Alisema kama daktari anayesoma kipimo. "Nenda kamtafute. Andika hoja yake kwanza, vizuri kuliko anavyoweza kuiandika yeye. Ukimaliza, kama bado una jambo la kusema, liingie kwenye ukurasa mmoja. Na kumbuka, unasimama kama Odile, unasema maoni ya Odile. Humwakilishi baba yako wala bibi yako wala mbuzi wao."

"Hatuna mbuzi, Profesa."

"Afadhali. Wateja wabaya sana."

*

Jumamosi asubuhi alifika Anse Bérard muziki umeshapamba moto. Aliwapungia mkono, na badala ya kupanda kibarazani akavuka barabara. Alihisi macho ya Mjomba Clovis mgongoni. Fidla iliyumba kidogo, ikajirudi.

Madirisha ya nyumba ya kijani yalizibwa kwa mablanketi. Aligonga, akangoja, akagonga tena. Mlango ukafunguka kidogo. Alisimama pale mwanamume wa miaka thelathini na kitu, nywele zimesimama, macho mekundu, suruali ya buluu ya wauguzi wa hospitali, pamba masikioni.

"Samahani," alisema Odile. "Nimekuamsha?"

Yule mtu alitoa pamba moja. "Eti?"

"Nimekuamsha?"

"Hapana. Wao ndio wamechukua nafasi hiyo."

Aliitwa Khiem Luong. Aliuguza wagonjwa wa moyo hospitalini, mji wa Lafayette, zamu ya usiku. Alitoka kazini saa moja, akafika nyumbani saa mbili kasorobo, akaoga, akajitupa kitandani saa mbili kamili. Odile alimwambia yeye ni nani, na kwamba mwenye akodioni ni baba yake. Alidhani mlango utafungwa. Khiem alimtazama kidogo, akasema, "Basi ingia usikie."

Alimpeleka mpaka mlango wa chumba cha kulala. Odile hakuwahi kuusikia muziki wa kwao kutoka upande huo wa barabara. Kioo cha dirisha kilitetemeka kwa akodioni. Glasi ya maji mezani ilikuwa na viduara vidogo vinavyokwenda na mdundo.

"Akodioni nimeizoea," Khiem alisema. "Fidla nayo sina neno nayo, yule mzee anapiga vizuri. Lakini kile chuma. Sijui ni nani anayekigonga. Kinapenya blanketi, kinapenya mto, kinapenya pamba, kinakuja kukaa hapa." Aligusa katikati ya paji la uso.

"Ni bibi yangu."

"Aa. Nisamehe."

"Hapana, endelea tu. Niambie yote, naandika."

Wakakaa jikoni. Khiem alichuja kahawa nzito juu ya maziwa matamu ya kopo, akampa kikombe, naye akaandika. Aliandika kwamba aliacha barua mara mbili kwenye sanduku la duka, akiomba wazungumze, na hakujibiwa. Kwamba alikuzwa Houma, jimbo hilo hilo, na nyimbo hizo hizo alizicheza kwenye harusi za rafiki zake. Kwamba mwezi uliopita alikaribia kulala usukani akirudi nyumbani. Ndipo akamweleza Diwani Percy Landreneau, muuza matairi, alipokwenda kubadilisha tairi, na diwani akasema, niachie mimi.

Odile alimsomea alichoandika. Khiem alisikiliza amefumba macho.

"Hapo umesema nachukia kelele. Futa. Sijasema nachukia. Nimesema nalala."

Alifuta. "Na hiyo sheria, umeisoma?"

"Sheria gani? Mimi sikuomba sheria. Niliomba usingizi."

Odile aliweka kalamu chini. "Usingizi wa mpaka saa ngapi?"

"Nikifika saa saba mchana nimeshakuwa mtu. Kuanzia hapo wapige mpaka mabati yang'oke."

*

Nyumbani, chakula cha mchana kilikuwa mchuzi wa bamia na soseji za wali, na wote mezani walikuwa wanasubiri maelezo. Mjomba Clovis ndiye aliyeanza.

"Kwa hiyo umeenda kwa adui ukanywa na kahawa yake."

"Si adui, Mjomba. Ni muuguzi. Anatoka zamu ya usiku. Tunapoanza sisi ndipo anapolala yeye."

"Angesema."

"Amesema. Ameacha barua mbili kwenye sanduku lako."

Mjomba Clovis alitafuna polepole. "Zile bahasha nyeupe? Nilidhani ni watu wa bima."

Ulysse alicheka, akajizuia alipokumbuka kwamba bado amekasirika. "Sasa anataka tuache?"

"Anataka tuanze saa saba mchana."

"Muziki wa asubuhi ni wa asubuhi," Mjomba Clovis alisema. "Kuna mambo hayaguswi. Mimi nilimpata mke pale kibarazani, saa mbili na nusu asubuhi."

"Na akakuacha saa ngapi?" aliuliza Bibi Azélie.

Alikuwa mwishoni mwa meza, amefunga kitambaa cha kulia shingoni, anakula bila kumtazama mtu. Ulysse aliinamia sahani yake. Mjomba Clovis alisema hilo halihusiani.

"Bibi," Odile alisema kwa uangalifu, "amesema kile chuma chako kinapenya zaidi kuliko vyote. Hata akiweka pamba masikioni."

Bibi Azélie aliacha kijiko. "Mpaka chumbani kwake?"

"Mpaka kitandani, Bibi."

"Ng'ambo ya barabara." Bibi aliutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza huku na huku. Uso wake wote ulichanua. "Na hawa wawili kila wiki wananiambia nigonge kwa nguvu, hawanisikii."

"Mama, tunaongea mambo ya maana," alisema Ulysse.

"Na mimi naongea. Mwaka wa arobaini na moja huu. Kila Jumamosi naamka saa kumi na moja, nakanda magoti kwa mafuta mpaka yakubali kukunjika, ili nikae kwenye kiti cha baridi saa mbili. Kuna aliyeniuliza kama napenda asubuhi? Wewe umeniuliza, Clovis?"

Mjomba Clovis alijiongezea mchuzi.

"Asubuhi ilikuwa ya wateja," Bibi aliendelea. "Watu walikuja kununua chakula cha kuku alfajiri, wakatukuta, wakakaa. Siku hizi wanakuja saa ngapi?"

Mjomba Clovis alikiri kwamba wengi huja baada ya chakula cha mchana.

"Sasa?"

Ulysse alimgeukia binti yake. "Wewe unashauri nini?"

"Mimi sishauri, Baba. Siruhusiwi. Nauliza tu mnaweza au hamwezi."

"Ndiyo hiyo elimu tunayolipia," alisema Mjomba Clovis, lakini alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole nani aambiwe kwamba saa imebadilika.

Jioni hiyo na siku nzima ya Jumapili Odile alikata. Kurasa tisa zikawa nne. Mababu walitoka, wakifuatwa na katiba. Alipofika mbili alichukua nakala ya rasimu ya sheria yenyewe, iliyobandikwa mlango wa ukumbi wa mji, akaisoma kwa mara ya kwanza jinsi alivyofundishwa, neno kwa neno, akiuliza kila neno linamkamata nani. Katikati ya sentensi ya pili alianza kucheka peke yake, mpaka baba yake akaja kuchungulia mlangoni.

*

Ukumbi wa mji wa Anse Bérard umeshikana ukuta na kituo cha zimamoto. Jumanne saa kumi na moja jioni viti vyote vilikuwa vimejaa na watu wamesimama mpaka mlangoni. Madiwani watano walikaa mbele, katikati yao meya, Bi Earline Domingue, na pembeni katibu mwenye saa na kengele ndogo ya kuashiria dakika zimeisha.

Walisema watu sita kabla yake. Wote walisema jambo moja, kwamba muziki ni wao na mtu wa kuja arudi alikotoka, na kila mmoja alipigiwa makofi. Halafu meya akasoma, "Odile Guidroz," na mtu akaita kutoka nyuma, "Haya, wakili."

Alisimama kwenye kipaza sauti na karatasi yake moja. Aliiweka juu ya meza ya katibu, akaanza bila kuitazama.

"Mimi si wakili," alisema, na watu wakacheka, na kicheko hicho kikampa pumzi. "Naitwa Odile. Nimezaliwa hapa. Nyumba ya kijani anakaa Bwana Khiem Luong. Usiku mzima anauguza wagonjwa wa moyo. Kama una mzazi aliyewahi kulazwa Lafayette, huenda yeye ndiye aliyemgeuza kitandani. Anaingia nyumbani saa mbili kasorobo asubuhi. Saa mbili sisi tunaanza. Ameandika barua mbili, na barua hizo ziko dukani kwa mjomba wangu, hazijafunguliwa."

Mjomba Clovis alitazama dari. Watu hawakuitegemea hotuba ianzie upande huo.

"Yeye amekosewa, na waliomkosea ni sisi. Hilo nimelisema. Sasa sheria yenyewe." Aliichukua rasimu. "Inasema hivi: Ni marufuku kwa mtu yeyote, saa yoyote, kutoa sauti ya ala ya muziki, kengele au king'ora mahali pa wazi ndani ya mji, bila kibali cha maandishi. Haisemi Jumamosi. Haisemi asubuhi. Inasema saa yoyote, mtu yeyote. Padri akipiga kengele ya misa Jumapili, amevunja sheria. Bendi ya shule ikitumbuiza uwanjani Ijumaa, watoto hamsini na wawili wamevunja sheria. Gari la aiskrimu limevunja sheria kila mtaa."

Vicheko vilianza safu za nyuma. Mkuu wa zimamoto, mtu mnene aliyeegemea ukuta, alinyoosha mkono.

"Kwa hiyo nyumba ikiwaka nipige king'ora au nije kwanza kuchukua kibali?"

"Ofisi inafunguliwa saa tatu," alijibu katibu, na ukumbi ukaangua kicheko. Meya aligonga meza, lakini naye alikuwa amefunika mdomo.

Odile alisubiri. Aligundua kwamba anasubiri, kwamba amesimama mbele ya watu mia na hana haraka. Kicheko kilipopungua akaendelea.

"Sidhani Diwani Landreneau alitaka hayo. Nadhani alitaka kumsaidia mtu aliyechoka, na hilo ni jambo jema. Lakini Bwana Luong hahitaji mji unyamaze. Anahitaji kulala mpaka saa saba mchana, Jumamosi. Wanamuziki wameniambia saa saba wanaweza. Kwa maoni yangu, jambo ambalo majirani wameshakubaliana halihitaji sheria. Naomba mwiondoe."

Kengele ililia. Katibu aliitazama kengele mkononi mwake, akamtazama Odile. "Ya ndani hii," alisema. "Sheria hainihusu."

Meya aliuliza kama kuna mwingine. Mlangoni watu walisogea, akapita Khiem Luong, amevaa sare ya kazi, funguo za gari mkononi. Waliomtaka arudi alikotoka walipata ghafla vitu vya kutazama sakafuni.

"Zamu yangu inaanza saa moja, sitakaa," alisema. "Yangu ameshayasema. Nilitaka tu kumwomba radhi bibi mwenye kile chuma. Nimekuwa nikimsema vibaya, peke yangu, chini ya mto, tangu mwezi wa tano."

Bibi Azélie hakusimama, maana magoti hayakumruhusu, lakini sauti yake ilifika. "Hujakosea kitu, mwanangu. Kuna watu wamekaa ubavuni kwangu miaka arobaini hawajawahi kukisikia."

Diwani Landreneau, uso mwekundu, alikiri kwamba rasimu aliinakili kutoka sheria za mji mmoja mkubwa na hakuisoma mpaka mwisho. Akasema anaiondoa mwenyewe. Mikono mitano ilipanda kuunga mkono. Ulysse Guidroz, ambaye hajawahi kumkumbatia mtu mbele ya madiwani, alipita juu ya miguu ya watu safu nzima kumfikia binti yake. Alimpiga piga mgongoni tu, kama anayemcheulisha mtoto mchanga.

*

Alhamisi Odile alimsimulia Profesa Batiste. Profesa alitaka kuuona ukurasa. Aliusoma, akatoa kalamu ya kijani, akafuta neno moja.

"Hili halina kazi," alisema. "Mengine yana kazi." Halafu akamwuliza amejiandikisha lini kufanya mtihani wa kuingilia shule ya sheria.

"Bado, Profesa. Nilikuwa nikifikiria."

"Ulikuwa ukifikiria nini?"

Odile alieleza juu ya pingamizi lake kwa shahidi aliyekwisha kuondoka. Profesa Batiste alicheka mpaka miwani ya kichwani ikaanguka, akaidaka kwa mkono mmoja.

"Mwaka wangu wa kwanza wa kazi," alisema, "nilitoa hotuba ya kufunga ya nusu saa kwenye chumba cha mahakama ambacho si chetu. Kesi haikuwa yangu. Hakimu aliniacha nimalize, alisema ilikuwa nzuri. Kajiandikishe."

Alijiandikisha pale pale nje, kwenye ngazi, kabla ya kipindi cha saa nane.

Jumamosi iliyofuata jua lilikuwa la vuli, la kupasha bila kuunguza. Kwa kuwa saa saba ni saa ya kula, kila aliyekuja alikuja na sufuria. Watoto waliotoka kwenye mechi za asubuhi walikuja na jezi zao zenye matope, watu wasiowahi kuamka saa mbili walikuja kwa mara ya kwanza maishani, na Mjomba Clovis aliuza magunia kumi na manne ya chakula cha kuku kabla ya wimbo wa tatu, akatangaza kwamba wazo la kubadilisha saa lilikuwa lake.

Saa saba na dakika kumi mlango wa nyumba ya kijani ulifunguka. Khiem Luong alivuka barabara akiwa amechana nywele, sinia la vikombe vya kahawa tamu mikononi, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha Bibi Azélie. Bibi alipokea kikombe kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa kazini.

Ulysse alimaliza wimbo, akajifuta jasho, akamtafuta binti yake kwa macho katikati ya watu. Alianza waltzi, dansi ya polepole ya wawili wawili, ile anayoipiga mara mbili tu kwa mwaka. Odile alikuwa amekaa juu ya gunia na soseji mkononi, mabuti ya shambani miguuni. Mkuu wa zimamoto alifika mbele yake, akavua kofia, akauliza kama anahitaji kibali.

"Cha maandishi," alisema Odile. Alimpa mtoto mmoja soseji yake amshikie, akasimama, wakaingia kucheza kwenye vumbi pamoja na wengine.